Mamba Wanaweza Kungoja

Kosa langu la kwanza kubwa kazini lilikuwa kumwambia mama mmoja, "Bado sehemu moja tu, ya mamba," wakati ndege yake ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Niliisikia. Nawaambia hilo mapema, wadogo zangu, ili msinionee huruma nisiyostahili. Niliisikia ndege kwa masikio yangu mawili, nikajua ni yake, na bado nikataka kumaliza. Nilikuwa nimebakiza sentensi nne.

Ninyi mnaoanza kazi ya kupokea wasafiri hapa Bunia mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya wakati wa vita. Watu hucheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka thelathini na moja na meno yangu yote. Lakini kazi yangu ilikufa kabla yangu, na mtu ambaye kazi yake imekufa ni mstaafu, hata kama Jumapili bado anacheza mpira. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule yetu ilikuwa imefungwa, vita vilikuwa vimeshaanza, na mimi nilikuwa kijana wa kupanga viatu vyake kwa uzi, vikae mstari mmoja.

Kwanza mahali penyewe. Patron wetu alikuwa mfanyabiashara aliyekodisha ndege ndogo. Kando ya uwanja wa ndege alijenga chumba cha kungojea ambacho sote tulikiita salo. Kilikuwa na makochi sita yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, friji iliyofanya kazi jenereta ikitaka, na dirisha kubwa lililotazama njia ya ndege. Nyuma ya salo ardhi inashuka mpaka kwenye kijito, na huko, kabla ya vita, patron alikuwa ameanzisha bustani ya wanyama. Ukinunua tiketi kwake ulipata vitu vitatu: kiti cha ndege, soda moja, na safari. Safari maana yake kupanda pikapu yenye mabenchi mawili na kuzungushwa kwa wanyama na kiongozi. Kiongozi nilikuwa mimi. Dereva wa kawaida angemaliza mzunguko ule kwa dakika saba. Mimi niliufanya wa dakika arobaini.

Hatukuwa na simba, msije mkadanganywa. Tulikuwa na sokwe jike mmoja aliyeitwa Bibi, nguruwe-mwitu mmoja, mamba wawili, kasuku wasiohesabika kwa sababu hawakutulia, na mboloko watano, wale swala wadogo wa msituni ambao kimo chao hakimpiti mbwa. Kulikuwa pia na kobe. Mlishaji wa wanyama, Yaya Tido (yaya kwetu ni kaka mkubwa), alimwongezea kobe umri kila wiki kulingana na uso wa mgeni. Mgeni mwenye tai aliambiwa miaka mia mbili.

Hilo liliniumiza sana. Mimi nilitaka ukweli, na nilitaka wote, kwa mpangilio. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza katika kamusi ya Kifaransa yenye picha niliyoikuta sokoni Mudzipela ikifungia karanga. Muuzaji alikuwa ameshachana kurasa za mwanzo mpaka herufi D, na kwa Kifaransa mamba, sokwe na swala wote wako katika kurasa hizo zilizoondoka na karanga. Kwa hiyo nilijua mambo mengi mno kuhusu kobe. Habari za mamba nililazimika kuzitafuta mwenyewe, kwa kukaa kando ya bwawa lao miezi mitatu nikiwatazama na kumwuliza Tido. Zilitoka sentensi nne. Niliziandika katika daftari langu, mwisho kabisa, chini ya zile nyingine ishirini, na nilizipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Sasa mnaelewa kwa nini nilitaka kuzisema. Sijitetei. Nawaonyesha tu mtego ulipokuwa.

Mkubwa wangu kazini alikuwa Mama Zaina, aliyesimamia salo na aliyeniita petit, yaani mdogo. Kabla ya hapo aliwapikia wachimba dhahabu kule Bambu kwa miaka mingi, akatoka huko na sauti ya kusikika kutoka shimoni. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikinyoosha vitambaa vya makochi kwa mara ya nne.

"Petit, unatafuta nini chini ya hicho kitambaa?"

"Nakinyoosha tu, mama. Kimepinda."

"Mutu atakikalia na matako. Matako haiko na macho."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Ninyi leo mna ratiba ukutani. Siye tulikuwa na kidole cha Mama Zaina. Angekuwa anamimina chai, ghafla kidole kinainuka, na watu wote wananyamaza. Baada ya muda sisi wengine tungeanza kusikia. Alijua kwa upande wa kilima ilikotokea kama ndege inatoka Entebbe au Beni, na kwa mlio alijua kama imebeba mzigo. Rubani alipita kwanza chini chini mara moja, aone kama ng'ombe, mbuzi na watu wa bunduki wameondoka njiani. Kisha alizunguka na kushuka. Hakuzima injini. Toka alipopita mpaka alipoondoka ulikuwa muda wa mtu kunywa glasi moja ya chai bila kuungua. Asiyekuwa mlangoni alibaki.

Kitu kingine alichonifundisha ni mizani. Ndege ndogo haiulizi jina lako, inauliza kilo zako, kwa hiyo tulimpima kila abiria pamoja na mzigo wake juu ya mizani ya maharage. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba kipimo kinasomwa kwa sauti ili kisikosewe. Nikasimama wima, nikatangaza, "Mama, kilo tisini na nne." Salo lote liligeuka. Yule mama alishuka mizanini, akafungua mzigo, akatoa viatu vya wanawe, akapanda tena. Bado tisini na mbili. Mama Zaina alinivuta nyuma ya friji.

"Sikiliza. Kilo ya mwanamuke inaandikwa. Haihubiriwi."

Basi turudi kwa mama wa ndege iliyozunguka. Jina lake Mama Kavira. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mmoja wa wale waliohamia kwetu miaka mingi kabla, na duka lake lilikuwa Mudzipela. Alikuja salo siku ya Jumanne, amevaa kitenge kipya, hana mzigo isipokuwa mfuko mmoja. Hakukaa. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, mpaka Mama Zaina akaniambia, "Peleka huyu mama kwa wanyama, atatoboa sakafu yangu."

Sikumwuliza anakwenda kufanya nini Butembo. Nilimwuliza jina na kilo, nikampandisha kwenye pikapu pamoja na abiria wengine wawili. Kwa kobe akasema, "Sawa." Kwa nguruwe akasema, "Sawa." Wale wawili walishuka kwa mboloko wakarudi kwa miguu, wamechoka na mimi. Tukabaki yeye, Tido na mimi. Ndege ikapita chini chini juu yetu.

"Petit, ile haiko ndege yangu?"

"Bado itazunguka, mama. Bado sehemu moja tu, ya mamba."

Akakaa tena kwenye benchi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alikaa kwa heshima, kwa sababu nilikuwa na shati jeupe na daftari, na mtu mwenye daftari anajua. Nikasema sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu nilikosea neno moja, nikairudia kutoka mwanzo. Tulipopanda mteremko kurudi, tuliiona ndege ikigeuka mwisho wa njia, ikakimbia, ikaruka.

Mama Kavira hakupiga kelele. Aliifuata kwa macho mpaka ikawa kama nzi.

"Ile mamba yako," akasema, "ulisema inaishi miaka ngapi?"

"Sabini, mama."

"Sabini. Na haikuweza kungoja mpaka wiki kesho."

Mama Zaina ndiye aliyeniambia mengine, na aliniambia kwa sauti ya chini, jambo lililonitisha kuliko kelele. Binti wa Mama Kavira, Masika, alikuwa hospitalini Butembo na mimba iliyokaa vibaya. Mimba ya kwanza ilikuwa karibu imwondoe, alitoka damu mpaka akawa mweupe viganjani. Safari hii daktari alisema atampasua Ijumaa, na familia ilete damu. Mnajua wenyewe: kwetu damu haiko kwenye friji, iko ndani ya ndugu. Waliwapima mume, shangazi na majirani wawili. Hakuna iliyolingana. Damu iliyolingana na ya Masika ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikuwa amekaa katika salo letu, anatazama dirishani, kwa sababu ya sentensi zangu nne.

Nilikwenda nyuma ya jenereta, nikakaa huko mpaka giza likaingia.

Jumatano hakuna ndege, Alhamisi vilevile. Milio ya bunduki ilianza upande wa Mudzipela, na Mama Kavira hakuweza hata kurudi nyumbani kwake. Barabara ya kwenda mji wa Komanda ilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kiliuliza wewe ni mtu wa kabila gani kabla ya kuuliza unakwenda wapi. Akabaki nasi. Na mimi nikafanya nilichokijua: nikapiga pasi vitambaa vya makochi. Nikampelekea chai, nikampelekea tena, nikamuuliza kama sukari inatosha, nikafuta meza aliyoegemea.

"Petit," akasema katika chai ya sita, "chai haiongeze damu. Leta maharage."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa kazi ya maana siku ile. Nilipika maharage. Mama Zaina alituma mtu atafute maini ya mbuzi, akapata robo. Tido alichuma lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kando ya kijito, zile alizokuwa anawachumia mboloko, akasema wanyama wafunge kwanza. Tulimlisha mama yule siku mbili kama mtu anayejaza tangi. Yeye alikula yote, anatafuna huku anatazama dirishani. Kila asubuhi alinisalimu vilevile.

"Petit, mamba wameamuka muzuri?"

"Wameamka, mama."

"Mungu asifiwe. Wale njo wako na haraka."

Alhamisi nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandika msamaha wangu, sioni haya kuwaambia, na nilikuwa nimeusahihisha. Alinisikiliza mpaka katikati, akainua mkono.

"Hiyo umeisoma kwa kaye?"

"Niliiandika kwenye daftari ili nisikosee, mama."

Mama Zaina, aliyekuwa anaosha glasi, akadakia bila kugeuka. "Huyu mutoto hapendi wageni, Mama Kavira. Anapenda kaye yake. Wageni njo batu ya kuisomea."

Nikafunga daftari, nikaenda kuchochea maharage.

Ijumaa asubuhi kabla hatujanywa chai, watu wa bunduki waliingia uwanjani na kufunga kamba kati ya salo na njia ya ndege. Mkubwa wao, komanda mmoja mwenye miwani ya jua na kandambili, alitangaza kwamba hakuna mtu atakayepanda ndege bila ruhusa yake. Mama Zaina aliuliza ruhusa inachukua muda gani. "Siku mbili, siku tatu," akasema. "Siye hatuna haraka."

Mama Kavira alikaa kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Aliweka mikono magotini, akatazama viganja vyake. Nadhani alikuwa anavipima rangi.

Mama Zaina aliingia chumba cha nyuma ambako tulikuwa na foni, ile redio ya kuongea na marubani. Nilimsikia akisema maneno machache. Alitoka anapangusa mikono kama mtu aliyetoka jikoni, akaja karibu nami.

"Ndege inakuya na chumvi ya patron. Itashuka huku, lakini itakwenda kusimama kule chini, mwisho. Chini kwa mboloko."

Nikaelewa. Njia ya ndege ina mgongo katikati, na aliyesimama kwenye kamba haoni mwisho wa chini. Huko chini ndiko ua wa bustani yetu ulikoishia, na Tido alikuwa na tundu katika ua, la kupitishia majani.

"Basi, kiongozi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Peleka mama kwa safari. Iko ndani ya tiketi yake."

Pikapu haikuwa na mafuta. Tulikwenda kwa miguu: mimi mbele na daftari, Mama Kavira katikati, Tido nyuma na ndoo ya majani. Nilikuwa nimepiga hatua kama thelathini, najipongeza, tulipokuta komanda mwenyewe na vijana wake wawili wameketi mbele ya kizimba cha sokwe. Walikuwa wanampa Bibi sigara.

"Munakwenda wapi?"

"Safari, komanda. Ya wanyama."

"Safari?" Aliwatazama wenzake. "Bunia inawaka, na nyinyi munakwenda safari."

"Iko ndani ya tiketi," nikasema.

"Na kiongozi njo nani?"

"Njo miye."

Akasimama, akajinyoosha. "Basi na miye nataka. Miye sijawahi kufanya safari."

Ndege ikapita chini chini. Wote tukainua vichwa. Komanda akauliza inaleta nini, nikasema inaleta chumvi, na ilikuwa kweli. "Chumvi ipite," akasema. "Mutu hapana." Kisha akaniangalia, akingoja nianze. Nilijua muda umeanza kuhesabika: glasi moja ya chai.

Wadogo zangu, hofu ina adabu yake. Mimi nikiogopa huwa nakuwa mwangalifu zaidi, na siku ile uangalifu ulinisaidia kwa mara ya kwanza. Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Nikasema, kwa sauti ya kazi, "Tido, mboloko hawajakula. Nenda ukawalishe. Mama atakusaidia kubeba majani."

Komanda akageuka. "Kwa nini mama asione wanyama? Si amelipa?"

Sikuwa na sentensi ya swali hilo.

"Miye nilishaona siku ya mardi, ile Jumanne, komanda," Mama Kavira akasema. Alikuwa ameshachukua fungu la majani kutoka kwenye ndoo. "Nilishaona yote. Mamba nilishaona kupita kiasi. Huyu kiongozi anasema sana, utamuona. Keti chini kwanza."

Komanda alicheka mpaka akavua miwani. Mama Kavira na Tido wakashuka njia ya mboloko, polepole, kama watu wanaokwenda shamba.

Nikaanza. Nilisema kila kitu nilichowahi kujua kuhusu sokwe, na nilichokuwa sijui nilimwuliza komanda, naye akajibu, maana alikuwa mtu wa msitu na alijua. Hilo pia nawapa kama ujuzi: mgeni akijua kitu, mwache akuambie, muda unakwenda bila wewe kuchoka. Tukaenda kwa kasuku. Tukaenda kwa kobe, na pale Mungu anisamehe, nilimwaga herufi yote ya kamusi. Magamba ya kobe, mayai ya kobe, kobe wa baharini ambaye hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwona. Kijana mmoja wa bunduki alipiga miayo. Komanda alimkanya: "Sikiliza, utajifunza." Mkono ulioshika daftari niliuegemeza kwenye ukuta wa kizimba usinisaliti, waone ni mtindo.

Tulikuwa kwa nguruwe mlio wa injini ulipopanda. Ndege ikatokea juu ya miti, karibu sana, ikapinda kuelekea kusini.

"Imesharudi?" komanda akauliza.

"Imesharudi, komanda."

"Ilikaa kidogo." Akanitazama. Nikamtazama. "Haya," akasema. "Na ile mamba iko wapi?"

Nikampeleka kwa mamba, nikimsomea daftari njiani kwa mpangilio. Sikumbuki nilisema nini huko.

Tido alirudi na ndoo. Hakukuwa na mtu naye, lakini hiyo haikuniambia kitu, maana mtu anaweza kukosekana kwa njia nyingi. Nilingoja komanda aondoke. Tido akageuza ndoo, ikaanguka kandambili moja ya kike, ya bluu.

"Alipanda?"

"Alipanda. Rubani alimuvuta mukono, miye nikamusukuma. Hii ilibakia kwa ua."

Niliiokota, nikaifuta kwa shati langu jeupe.

Ningependa kuishia hapo, na miaka mingine nimesimulia nikaishia hapo. Lakini nimeahidi kuwaambia makosa. Komanda aliipenda safari. Jumamosi alirudi na rafiki zake, na Jumapili tena, na siku ya tatu aliuliza nyama ya mboloko ilivyo. Hakuuliza bure. Sentensi ya tisa katika daftari langu inasema kwamba mboloko huwindwa sana kwa sababu nyama yake ni laini na inapendwa. Katika wiki mbili waliwala wote watano. Kisha nguruwe. Kobe alibebwa kuwa zawadi kwa mkubwa fulani, na kizimba cha Bibi tulikikuta asubuhi moja kiko wazi na kitupu. Nataka kuamini alikimbilia msituni.

Tido alikuja kunitafuta salo. Hakuwahi kuingia salo, kwa sababu ya viatu vyake.

"Dieudo. Sentensi ya tisa. Siku ile, uliisema?"

"Niliisema, yaya."

"Mama alikuwa ameshapita."

"Alikuwa ameshapita."

"Kwa hiyo ungeweza kuiruka."

"Ningeweza."

Alitikisa kichwa, akaondoka, na hakunisemesha mpaka mvua zilipobadilika. Nilikuwa nimeikuta kwenye ukurasa, basi nikaisoma. Siku ya kumwokoa mtu, mbele ya bunduki tatu, bado sikuweza kuacha mstari.

Habari za Butembo zilitufikia kwa rubani. Alisimama mlangoni mwa salo, injini inanguruma nyuma yake, akamwambia Mama Zaina kwa Kiswahili chake cha marubani kwamba kule Butembo gari la hospitali lilikuwa linangoja uwanjani, kwamba walimtoa mama damu akiwa bado ana majani ya mboloko kwenye kitenge, na kwamba Masika alipasuliwa jioni ileile na yuko hai. Mtoto yuko hai pia, wa kiume. Mama Kavira alituma ujumbe kwa kiongozi, yaani mimi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema hawakumuita mtoto Mamba," rubani akajibu.

Mama Zaina alicheka mpaka akamwaga chai.

Mengi yamekuwa tangu wakati ule. Vita viliisha, patron aliuza kila kitu, salo sasa ni ghala la simenti. Mama Zaina alirudi kwa watu wake upande wa Bambu, na bado anainua kidole ndege ikipita, wanasema. Tido anafuga mbuzi kwenye barabara ya Nyankunde, ananipokea vizuri, ila haniruhusu niwaeleze wageni chochote kuhusu mbuzi wake. Mimi nilibaki salo miaka mitano zaidi, bila wanyama, nikipokea wasafiri tu, kisha nikaondoka.

Mtaniuliza basi nilijifunza nini, kwa sababu vijana mnapenda orodha. Kitambaa cha kufutia makochi kiwe na unyevu, kisilowe. Anayeogopa ndege mpe kitu cha kushika, hata gazeti. Kilo andika kimya. Na msinidhanie nimepona: barua hii nimeiandika upya mara nne, na shati langu bado nalinyoosha kabla ya kukaa.

Lakini kitu kimoja kilibadilika na hakikurudi nyuma. Kabla ya Mama Kavira niliwauliza abiria jina na kilo. Baada yake, kila aliyeingia mlangoni nilimwuliza kwanza anakwenda kwa nani, na huyo anamngoja kwa ajili ya nini.